Maji Yafike Begani: Uhakiki wa Umbo la Hodhi la Kujiloweka

Nyuma ya zizi la jirani yetu hapa Kedowa kuna hodhi la kuogea ambalo kazi yake siku hizi ni kunywesha ng'ombe. Ni la chuma cha kusubu, limepakwa enameli nyeupe kama ile ya vikombe vya bati, na limesimama kwa miguu minne yenye umbo la kucha za simba. Jirani alilinunua mnadani, nyumba moja ya meneja katika mashamba ya chai ilipokuwa ikikarabatiwa. Tundu la kutolea maji limezibwa kwa gunzi la mahindi. Kila asubuhi ng'ombe watatu huinamisha shingo juu ya ukingo wake, na kwa kuwa ukingo umekunjwa nje kwa mviringo laini, haujapata kumkwaruza hata mmoja.

Nilikuwa nimepita kando ya hodhi hilo miaka mingi bila kulisoma. Nilianza kulisoma mwezi ambao mimi na ndugu zangu tulikubaliana kumtengenezea mama bafu upya. Mama amechuma majani ya chai kwenye shamba letu dogo kwa zaidi ya miaka 30, na mgongo wake unayakumbuka yote. Kedowa iko zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Mvua ya alasiri ikishapita, baridi huingia hadi kwenye mifupa, na jioni nyingi tumemwona akikandwa kiuno kwa taulo na maji ya moto. Tukasema: badala ya kukandwa kiungo kimoja kimoja, apate mahali pa kujikanda mwili mzima. Kilichobaki ni kuchagua hodhi.

Ndugu yangu alileta picha za mahodhi kwenye simu. Yalikuwepo marefu, ya duara, ya miguu, yenye umbo la yai, na yote yalipendeza. Lakini picha ya hodhi haina mtu wala maji ndani, na vitu hivyo viwili ndivyo vinavyolipa umbo maana. Mimi ni mwalimu wa Kiswahili, na kazi yangu ya kila siku ni fani na maudhui. Nilipozitazama zile picha kwa mara ya tatu nilitambua kwamba swali letu lilikuwa la fani tangu mwanzo. Hodhi linapaswa kusomwa kama shairi linavyosomwa, mstari kwa mstari, kabla ya mtu kutoa pesa. Na likisomwa hivyo, naamini hodhi fupi lenye kina kirefu ndilo lenye haki katika nyumba ya milimani kama yetu.

Wanafunzi wa fasihi hufundishwa mfano mmoja wa zamani, kwamba fani ni kikombe na maudhui ni chai iliyomo. Wapo wahakiki walioukataa mfano huo wakisema fani na maudhui ni pande mbili za sarafu moja, havitenganishwi. Mimi pia mfano wa kikombe sikuupenda, mpaka nilipoujaribu kwa chai yenyewe mbele ya kidato cha tatu. Nilimimina lita moja katika birika na lita moja katika sufuria pana, zote zikiwa zimetoka jikoni pamoja. Kabla kipindi hakijaisha, chai ya sufuria ilikuwa imepoa na kuweka utando juu, ya birika bado ilikuwa ikitoa mvuke. Chai ilikuwa moja, vyombo viwili, na mwishowe tulikunywa chai mbili tofauti. Kumbe kosa la mfano ule ni kudhani kwamba kikombe hakifanyi kitu. Chombo hufanya kazi juu ya kilichomo. Hodhi nalo ni hivyo hivyo.

Tuanze na majina, maana Kiswahili kimeyahifadhi matumizi ndani ya majina ya vyombo vya maji. Josho ni la mifugo, ng'ombe hupitishwa ndani yake wakaogeshwa dawa ya kupe. Karai hubebwa kichwani na kuwekwa popote. Hodhi, neno lenye asili ya Kiarabu, ni chombo cha maji yaliyotuama, awe anayeyatumia ni ng'ombe au ni mtu. Birika huku bara hutujia na chai, lakini Pwani ni pia tangi dogo la mawe na chokaa lililojengwa bafuni au msikitini. Katika nyumba za kale za Lamu, sakafuni mwa birika palipachikwa bakuli la kauri kutoka Uchina. Ndani ya birika waliishi samaki wadogo waliokula viluwiluwi vya mbu, na maji yalipokaribia kwisha, lile bakuli liliwabakizia ya kuishi.

Lisome umbo la birika hilo nalo litakueleza namna watu walivyooga. Mdomo wake unatosha mkono na kata, na kuta zake zimejengwa kulinda maji. Mwogaji alisimama kando, akachota, akajimwagia, na maji machafu yakapita chini ya miguu yake yakaenda zake. Mwili haukuingia birikani. Ndiyo maana maji yale yale yaliweza kukaa siku nyingi na bado yakawa safi. Aliyetaka kukaa katika joto alijengewa mahali pengine. Unguja kuna bafu la Kidichi, ambalo Sayyid Said alimjengea mkewe wa Kiajemi mwaka 1850, na mjini kuna Hamamni, hamamu ya watu wote iliyojengwa enzi za Sultani Barghash, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888. Hamamu huwa na vyumba na mabirika mbalimbali kwa sababu kuoga na kujipasha joto ni hatua tofauti, kila moja na nafasi yake.

Hodhi la jirani yangu limezibana hatua hizo mbili katika chombo kimoja. Mtu anaingia na vumbi lake, anajisugua kwa sabuni, kisha anajilaza katika maji yale yale aliyoyachafua. Na lina dalili zote za kazi hizo mbili. Mwisho mmoja umeinama ili mgongo uegemee. Mwisho mwingine umesimama wima kwa ajili ya mifereji ya maji. Urefu wake ni wa mtu mzima kujinyoosha, lakini kina chake ni cha mtu anayehitaji kufikiwa kwa kitambaa na sabuni. Limetaka kuwa kitanda na beseni kwa pamoja, na kila upande umeunyima mwenzake kitu.

Siku moja nilikwenda na tepu nikalipima, ng'ombe wakiwa malishoni. Kimo cha nje, kutoka ardhini hadi juu ya ukingo, kilikuwa sentimita 61. Kina cha ndani, kutoka sakafu yake hadi ukingo, sentimita 42. Kisha nikapima kutoka sakafu hadi tundu la kufurikia, lile tundu dogo ukutani chini ya mifereji linalozuia maji yasimwagike nje. Sentimita 34. Hata tepu ingekosekana ningelijua jibu, kwa sababu utando wa kijani umechora mstari kuzunguka enameli yote katika kimo hicho hicho. Maji hayajawahi kupita hapo.

Hapa ndipo wanunuzi wengi hupotezwa, nasi tulikuwa karibu kupotea. Muuzaji akisema hodhi lina kina cha sentimita 60, mara nyingi anataja kimo cha nje. Mwili haukai nje. Kipimo cha kujiloweka ni kimoja tu, kutoka sakafu ya ndani hadi ukingo wa chini wa tundu la kufurikia. Katika ushairi tungesema hapo ndipo penye kituo: mshairi anaweza kuwa na maneno mengi zaidi, lakini ubeti umeshafika mwisho. Hodhi likiwa na ukingo mrefu na tundu la chini, ule urefu wa juu ni pambo.

Sasa yatazame maji yenyewe. Chukua lita 180, yaani mitungi tisa ya lita 20, na mwili wa wastani unaosukuma lita 60 za maji ukishazama. Katika hodhi refu ambalo ndani lina wastani wa sentimita 140 kwa 52, kila sentimita moja ya kimo hula lita 7.3. Ukiingia, maji yatapanda hadi sentimita 33. Ukijilaza mabega yazame, magoti yanatoka. Ukizamisha magoti, kifua kinabaki kwenye baridi ya Kedowa. Mtu hupitisha jioni nzima akihamisha baridi kutoka kiungo hiki kwenda kile. Zimimine lita hizo hizo katika hodhi la sentimita 80 kwa 60, ambamo mtu huketi akiwa amekunja magoti. Humo kila sentimita hula lita 4.8, na maji yatapanda hadi sentimita 50. Kiuno, mgongo na magoti vyote vimefunikwa, na bega la mtu wa kimo cha mama linafikiwa.

Hatukuongeza hata kikombe kimoja cha maji. Tulibadilisha umbo. Na umbo hilo limefanya kazi ya pili ambayo huionyeshi kwa picha: uso wa maji umepungua kwa theluthi moja. Joto la hodhi hupotea zaidi kupitia uso ulio wazi, maji yanapogeuka mvuke, kama ilivyokuwa kwa ile sufuria ya chai. Huku kwetu, ambako dirisha la bafu hufunguliwa ili ukuta usiote ukungu, theluthi hiyo ni muda wa mtu kukaa bila kuomba aongezewe maji.

Wajapani wamelijua umbo hili tangu zamani. Hodhi lao la nyumbani ni fupi na la kina, na sheria yake ni kwamba mtu huoga kwanza nje yake, akajisuuza, ndipo akaingia. Maji hayana sabuni wala uchafu, kwa hiyo watu wa nyumba moja wanaweza kuyatumia kwa zamu. Ukiweka desturi hiyo kando ya birika la Lamu utaona zinasikilizana: zote mbili zimeanza kwa kuyaheshimu maji yaliyotuama. Mwanamke wa Kedowa aliyezoea ndoo na kopo hahitaji kujifunza jambo geni hapo. Ataoga kwa ndoo na kopo kama alivyooga maisha yake yote, kisha ataingia kukanda mgongo.

Hili likabadilisha ramani ya bafu letu. Nusu ya sakafu tuliiacha wazi, yenye mteremko kuelekea mtaro, pawe pa kuogea. Nusu ya pili ikawa ya hodhi. Kwa kuwa maji ya hodhi hayataingia sabuni, fundi alitenganisha bomba lake na la mtaro, yakipoa yashuke moja kwa moja kwenye bustani ya managu chini ya nyumba. Mlima uliotuchosha kupandisha mawe na mchanga sasa ukatusaidia, maana maji hayahitaji kusukumwa.

Kuhusu kitu cha kutengenezea hodhi nilikuwa na mapenzi ya awali, na niliyaacha kwa shida. Nilitaka chuma. Lile la jirani lina uzito wa kumtuliza mtu hata kwa kulitazama, na historia ya namna yake inagusa. Mwaka 1883, huko Sheboygan katika jimbo la Wisconsin, Marekani, John Michael Kohler alichukua hodhi la mifugo, akalipaka enameli, akalitia miguu minne na kuliuza liwe la kuogea. Hodhi la mifugo likawa la watu. Zaidi ya karne moja baadaye, nyuma ya zizi la Kedowa, la watu limerudi kuwa la mifugo, na umbo halikuhitaji kubadilishwa hata kidogo. Kwangu hiyo ni hukumu iliyotolewa na ng'ombe wenyewe: kina cha sentimita 34 kinatosha koo, na hakitoshi mgongo.

Chuma kina kasoro nyingine katika hali yetu. Hodhi kama lile hufikia kilo 150 au zaidi. Ongeza maji na mtu, unakaribia kilo 400 juu ya miguu minne midogo. Sakafu ya zege iliyomwagwa juu ya ardhi huubeba mzigo huo, ya mbao lazima ikaguliwe kwanza. Tena chuma baridi huanza kwa kunyonya joto la maji ya kwanza, ingawa kikishapata moto hukaa nao vizuri. Tuliwaza pia kujenga kwa zege na terazo, kama sinki za shule za zamani. Zege ni imara, lakini lina kiu ya joto kuliko chuma. Akriliki na faibaglasi hazina fahari hiyo, ila mkono ukizigusa asubuhi ya Julai haurukii nyuma, na mtu mmoja mwenye nguvu anaweza kulinyanyua hodhi lake. Tulichagua faibaglasi, lijengewe kuta za matofali pande zote na nafasi iliyobaki ijazwe kitu cha kuzuia joto lisitoroke.

Suala la kupasha maji lilitaka hesabu isiyo na huruma. Kutoa lita 180 kutoka nyuzi 16 hadi 40 kunahitaji takriban yuniti 5 za umeme. Hita ndogo ya kichwa cha shawa, ambayo nyingi huvuta kama kilowati 5, ingechukua saa nzima kulijaza hodhi, na yale ya mwanzo yangekuwa yameshapoa. Tangi la umeme la lita 50 nalo halifiki: ukichanganya na maji baridi unahitaji karibu lita 100 za nyuzi 60. Hodhi la kujiloweka bila tangi linalolingana nalo ni shairi lisilo na sauti ya kulighani. Sisi tuna mikaratusi mpakani mwa shamba, kwa hiyo tulirudi kwenye pipa lililojengewa meko ya matofali nyuma ya nyumba. Mwenye jua la kutosha na paa linaloelekea vizuri atafanya hesabu hiyo hiyo kwa tangi la sola. Maji yenyewe yapimwe kwa kiwiko kabla ya kuingia, yawe ya joto la kustahimilika, na mwenye shinikizo la damu amuulize daktari wake kwanza.

Likabaki umbo moja la mwisho, ukingo, na hapo ndipo hodhi fupi lilipokaribia kunishinda katika hoja. Kina kikiongezeka ukingo nao hupanda. Sentimita 60 ni ukuta kwa mtu mwenye magoti ya mama. Ndugu yangu alisema waziwazi kwamba nilikuwa nikimtafutia mama chombo kizuri asichoweza kukiingia, na alikuwa na haki. Jibu lilitoka kwa fundi. Alichimba sakafu na kulizamisha hodhi sentimita 15, ukingo ukabaki 45, kimo cha kiti cha jikoni. Upande mmoja akajenga benchi la terazo lenye upana wa kuketi. Mtu hakanyagi kuingia. Anaketi kwenye benchi, anageuka, anaingiza mguu mmoja, kisha mwingine, mkono ukishika chuma kilichopigiliwa ukutani. Ukingo ukaacha kuwa kizuizi ukawa hatua ya katikati, kama pumziko la sauti katikati ya mshororo.

Vipimo vya ndani, vilivyotangulia kazi hiyo, havikutoka kwenye picha yoyote. Maduka tuliyotembelea yalikuwa na ya sentimita 150 na 170, yote ya kina kile kile cha kulala. Ilitubidi tupeleke vipimo vyetu kwenye karakana ya faibaglasi. Fundi wetu wa bafu alipotuuliza tunataka ngapi, hakuna kati yetu aliyekuwa na nambari.

"Mwalimu, mwite mama mwenyewe," akasema.

Mama akaja akiwa bado na kitambaa cha shambani kichwani. Fundi alitandika gunia safi sakafuni, akamwomba aketi, mgongo ukutani, magoti ayakunje kama anavyokaa akichambua mboga. Akapima kutoka ukutani hadi vidole vya miguu: sentimita 78. Akapima upana wa viwiko. Kisha akachukua penseli sikioni, akaiweka kwenye plasta mbichi usawa wa bega la mama, akamtazama.

"Hapa, mama?"

"Shusha kidogo, fundi. Yakifika hapo nitaelea."

Akashusha upana wa kidole, akachora mstari, akaupima kwa pimamaji usiende upande, akaandika pembeni: 50. Hapo ndipo tundu la kufurikia lingetobolewa.

Jioni hiyo nilipita tena kwa jirani. Ng'ombe walikuwa wameshakunywa, na ule mstari wa kijani ulionekana wazi juu ya maji yaliyobaki. Kiwanda kiliukata katika kimo hicho kwa ajili ya mwili ambao hakikuupima. Wetu umeanzia kwenye bega la mwanamke aliyeketi juu ya gunia, na hodhi lilikuwa bado halijatengenezwa.